Rafu Moja, Dirisha Moja: Nichague Mfumo Gani wa Haidroponiki?

"Ninaishi peke yangu katika chumba kimoja ghorofani, na dirisha langu pekee linatazama ukuta wa jengo jirani. Nina rafu ya chuma yenye kimo cha sentimita 180, upana wa 90 na kina cha 40. Ningependa kulima kwa haidroponiki, yaani kwa maji yenye virutubisho bila udongo: letusi, mrehani, nanaa na, ikiwezekana, nyanya. Mwaka jana nilijaribu mche mmoja wa letusi katika chupa ya kioo dirishani. Kila asubuhi nilihakikisha maji ya virutubisho yamejaa hadi shingoni, lakini baada ya wiki tatu majani yalilegea, mizizi ikawa ya kahawia na ikatoa harufu mbaya. Sasa nimeona mnara wa mabomba unaochukua mimea 36 na ninashawishika kuununua, kwa sababu nimeambiwa kwamba mfumo wenye pampu hukuza mimea haraka zaidi. Umeme hukatika mara kwa mara, wakati mwingine kwa saa 6, nami husafiri siku 4 au 5 mfululizo mara mbili kwa mwezi. Ninalala katika chumba hicho hicho, kwa hiyo kelele nazo zinanihusu. Nichague mfumo gani?"

Swali lako limeandikwa kama swali la ununuzi, lakini limebeba ndani yake swali jingine lililotangulia: kwa nini mche wako wa kwanza ulikufa ilhali hukuunyima maji hata siku moja? Nitaanzia hapo, kwa sababu asiyejua kilichoua mche mmoja ndani ya chupa ataua mimea 36 ndani ya mnara, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Mche ule haukufa kwa kiu wala kwa kukosa virutubisho. Ulikosa pumzi. Tumezoea kufikiri kwamba majani ndiyo yanayopumua na kwamba kazi ya mizizi ni kunywa tu, kumbe mzizi nao ni kiungo hai kinachochoma sukari kwa oksijeni usiku na mchana, na nguvu inayopatikana humo ndiyo inayouwezesha kuvuta madini. Katika udongo mzuri, oksijeni hiyo hukaa ndani ya vijitundu vilivyo kati ya chembe za udongo. Ndani ya maji mambo ni mengine: lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi inayopata hewa ya kawaida hushika miligramu 9 tu hivi za oksijeni, kwa nyuzi 30 kiasi hicho hushuka hadi karibu 7.5, na katika maji yaliyotulia oksijeni husambaa polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Baya zaidi ni kwamba joto linalopunguza oksijeni majini ndilo hilo hilo linalouongezea mzizi mahitaji yake. Mzizi uliokosa hewa hupoteza uwezo wa kupitisha maji, na ndiyo maana mmea huweza kunyauka huku umesimama ndani ya maji. Mwenye mmea akiona majani yamelegea, huongeza maji. Kisha huingia vimelea vya jamii ya Pythium, vinavyostawi katika maji ya vuguvugu yenye mizizi dhaifu, na kumalizia kazi. Ile rangi ya kahawia, utelezi na harufu uliyoinusa ndiyo sura ya kawaida ya mizizi iliyooza kwa njia hiyo.

Kwa hiyo kosa lilikuwa katika bidii yako ya kila asubuhi. Njia uliyoijaribu, ya kuuweka mmea juu ya maji yasiyozungushwa wala kupulizwa hewa, ni njia halali kabisa. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliichunguza na kuieneza hata wengi wakaiita kwa jina lake. Siri yake ni kwamba maji huachwa yapungue. Siku ya kwanza maji hugusa sehemu ya chini ya kikombe cha matundu kilichobeba mche. Mmea unavyokunywa, usawa wa maji hushuka na kuacha nafasi ya hewa yenye unyevu kati ya maji na mfuniko. Ukiinua mfuniko wa chombo kilichokwenda vizuri, katika wiki ya tatu utaona aina mbili za mizizi kwenye mmea mmoja. Juu, ndani ya ile nafasi, kuna mizizi mifupi yenye matawi mengi na vinyweleo vyeupe mithili ya manyoya ya kifaranga. Chini yake kuna nyuzi ndefu, laini, zinazoning'inia ndani ya maji. Ile ya juu inapumua na ile ya chini inakunywa. Wewe ulipojaza chupa hadi shingoni kila siku, uliizamisha ile ya juu kabla haijapata hata kuota vizuri.

Chupa ya kioo nayo ilichangia. Mwanga ukipenya hadi kwenye maji yenye virutubisho, mwani huota ndani ya siku chache, na yale maji yakageuka kijani. Mwani hula chakula cha mmea wako, hutumia oksijeni usiku, na ukifa huoza papo hapo kandokando ya mizizi. Chombo chochote cha haidroponiki kisipitishe mwanga kabisa. Kama unataka kukihakiki, ingiza tochi iliyowashwa ndani yake usiku, funika, kisha zima taa ya chumba: ukiuona mwanga kupitia ukutani mwa chombo, kipake rangi nyeusi kwa nje na kisha nyeupe juu yake, ili ile nyeupe isaidie kurudisha joto la taa.

Sasa tuje kwenye lile uliloambiwa, kwamba pampu hukuza mimea haraka. Mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa Chuo Kikuu cha California, ambao fomula yao ya virutubisho bado inatumika katika maabara duniani kote, waliandika kwamba mavuno ya mimea isiyotumia udongo hayakuzidi yale ya udongo mzuri, na kwamba virutubisho vikishatosha, kinachoweka mpaka ni mambo mengine, hasa mwanga na hewa ya mizizi. Kauli hiyo ina umri mkubwa lakini haijachakaa. Pampu haina uchawi. Ni mbeba hewa tu. Mifumo yote unayoiona ikiuzwa, kwa majina na maumbo yake mengi, ni majibu mbalimbali kwa swali moja la namna ya kuufikishia mzizi maji na hewa kwa wakati mmoja. Mtu mwenye hali kama yako anapaswa kuongeza swali la pili, nalo ndilo litakaloamua: mbeba hewa akisimama kwa saa 6, na wewe uko safarini, mmea una nini cha kuutegemea?

Upime mnara wako kwa swali hilo. Katika mnara wa kawaida, pampu iliyo ndani ya tangi la chini hupandisha maji hadi kileleni, yakatiririka kupitia mizizi na kurudi chini. Ni ndugu wa mfumo wa mifereji wenye utando mwembamba wa maji, ambao Allen Cooper aliutengeneza Uingereza katika miaka ya 1960, na uzuri wao ni mmoja: mzizi unalowa huku umezungukwa na hewa. Udhaifu wao nao ni mmoja. Umeme ukizima, maji yote hushuka tangini na mizizi hubaki ikining'inia bila akiba yoyote, na katika chumba chenye joto mimea iliyokomaa inaweza kuanza kunyauka baada ya saa chache tu. Mifumo ya kunyunyizia mizizi ukungu wa maji ina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa humo hata dakika zinahesabika, na matundu ya kunyunyizia huziba kwa chumvi. Hiyo sitaijadili zaidi kwa mtu anayelala karibu nayo na anayesafiri mara mbili kwa mwezi.

Mnara una tatizo jingine ambalo picha za matangazo hazilionyeshi. Ni wa mviringo, na mwanga wa ndani ya nyumba una upande. Mimea inayoelekea taa itastawi na ile ya upande wa ukutani itarefuka shingo ikitafuta mwanga, labda uuzungushe kila siku au uuzingire kwa taa pande zote. Tena mimea 36 iliyokomaa hunywa lita kadhaa kwa siku, na tangi dogo linapopungua, nguvu ya virutubisho na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, hubadilika haraka wakati wewe huonekani nyumbani. Na letusi 36 zikikomaa kwa pamoja zitaliwa na nani?

Mfumo wa ndoo yenye pampu ya hewa na jiwe la mapovu uko katikati. Mizizi imezama katika maji mengi, kwa hiyo kiu haipo kabisa, na mapovu huyafanya maji yapokee oksijeni mpya muda wote. Umeme ukikatika, mmea una akiba ya ile oksijeni iliyoyeyuka, lakini akiba hiyo ni ndogo kadiri mmea ulivyo mkubwa, ndoo ilivyo ndogo na maji yalivyo ya moto. Mche mdogo katika lita 20 za maji yenye nyuzi 20 hautatikisika kwa saa 6; mmea mkubwa katika lita 5 zenye nyuzi 29 nisingeuwekea dhamana. Kuna kinga rahisi ambayo wengi huisahau: acha sentimita 4 au 5 za nafasi tupu chini ya kikombe, ili mmea uwe na mizizi ya hewa hata kama pampu ipo.

Kuhusu pampu hiyo, nina ushauri mmoja uliotokana na zulia langu mwenyewe. Pampu ya hewa ikiwekwa chini ya usawa wa maji, umeme unapozima maji yanaweza kurudi nyuma kupitia mrija, yakapita ndani ya pampu na kumwagika hadi usawa ushuke. Niliamka asubuhi moja nikakuta nusu ya chombo iko sakafuni. Iweke pampu juu ya usawa wa maji, au ufunge kwenye mrija kile kivali kidogo kinachoruhusu hewa kwenda upande mmoja tu. Usiiweke moja kwa moja juu ya rafu ya chuma, kwa kuwa rafu nzima itavuma kama ngoma. Itundike kwa kamba au uilaze juu ya sponji nene.

Mfumo wa kufurika na kukauka, ambao trei yenye kokoto za udongo wa kuchoma hujazwa maji kwa dakika kama 15 mara kadhaa kwa siku kisha yakaachwa yashuke, ni mzuri sana kwa mimea mikubwa, na kokoto hushika unyevu wa kutosha kuvuka saa kadhaa bila umeme. Hata hivyo, unahitaji tangi chini ya trei, kipima muda, na bomba la kupunguza maji yanapozidi ambalo, likizibwa na mizizi, humwaga kila kitu chumbani. Mfumo wa utambi, ambao uzi mnene hunyonya maji kutoka tangini hadi kwenye kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, hauna kelele wala umeme na unaifaa mimea midogo ya viungo. Letusi iliyokomaa huuzidi nguvu, na chumvi hujikusanya juu ya kokopiti, kwa hiyo kila baada ya wiki chache ni lazima uimwagie maji matupu kutoka juu.

Kabla sijasema ungechagua upi, ni lazima tuzungumzie mwanga, maana ndio utakaoamua ulime nini, na mfumo utafuata. Dirisha linalotazama ukuta halitakulisha. Macho yetu hujirekebisha kiasi kwamba chumba chenye giza la wastani huonekana kina mwanga mzuri, lakini mmea hauna namna ya kujidanganya. Letusi na mrehani huhitaji takriban maikromoli (kipimo cha wingi wa chembe za mwanga) 200 hadi 250 za mwanga kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, kwa saa 14 hadi 16 kila siku. Kwa kutumia simu yenye programu ya kupima mwanga, chini ya taa nyeupe ya LED hiyo ni sawa na kama lux (kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona) 14,000 hadi 17,000 pale yalipo majani; simu si kipimo cha maabara, lakini itakuonyesha kama uko karibu au uko mbali mno.

Ngazi moja ya rafu yako ina eneo la mita za mraba 0.36. Ukitaka maikromoli 200 juu ya eneo hilo lote, na ukikubali kwamba theluthi ya mwanga itapotea pembeni, taa nzuri ya LED inayotumia wati 45 hivi inatosha. Ikiwaka saa 16 itatumia yuniti 0.7 za umeme kwa siku, yaani 21 au 22 kwa mwezi kwa kila ngazi. Nimekuwekea hesabu hii kwa makusudi, kwa kuwa taa ndiyo mlaji mkuu wa umeme katika kilimo cha ndani. Angalia pia kwamba namba unayohitaji ni wati taa inazovuta kweli kwenye soketi, si zile kubwa za "sawa na" zinazoandikwa kwenye boksi. Umeme kukatika kwa saa 6 hakutaiumiza mimea kwa upande wa mwanga. Itauona ni usiku uliokuja mapema. Kwa kuwa unalala humo humo, panga saa za giza zilingane na usingizi wako.

Hapo nyanya inajitoa yenyewe. Ninajua inavyovutia. William Gericke, pia wa Chuo Kikuu cha California, aliyeueneza mwelekeo huu wote katika miaka ya 1930, alipata umaarufu kwa mashina ya nyanya ya zaidi ya mita 7 yaliyoota ndani ya matangi ya maji, na tangu hapo nyanya imekuwa tangazo la haidroponiki. Lakini Gericke alikuwa na jua la California. Nyanya yenye kuzaa huhitaji jumla ya mwanga kwa siku inayokaribia mara mbili ya ile ya letusi, inataka kimo, kamba za kujishikiza na kutikiswa maua ili chavua ianguke, na humwaga mvuke mwingi ndani ya chumba. Aina fupi za nyanya ndogo ndogo zinaweza kuwekwa ngazi ya juu peke yake na taa yenye nguvu zaidi. Ningezingoja hadi mwaka wa pili.

Basi, kwa rafu yako, kwa safari zako na kwa umeme wako, ningeanza na njia ile ile iliyokushinda, safari hii ukiifanya inavyotakiwa: vyombo viwili visivyopitisha mwanga, vyenye lita 20 hivi kila kimoja, ngazi ya chini kabisa, kila kimoja kikiwa na letusi 4 zilizoachana sentimita 20. Letusi moja hadi kuvunwa hutumia takriban lita 4 au 5, kwa hiyo maji unayotia siku ya kwanza yanakaribia kutosha safari nzima, na siku 5 za kutokuwepo kwako hazina athari. Panda chombo cha pili wiki mbili baada ya cha kwanza ili uvune kwa zamu. Usijaze tena hadi juu. Maji yakikaribia kwisha kabla ya mavuno, ongeza kidogo tu, sentimita 2 au 3 kutoka chini, ile mizizi yenye vinyweleo ibaki hewani.

Mrehani na nanaa ni jambo tofauti, kwa kuwa hizo huvunwa kwa kukatwa zikaendelea kuishi kwa miezi. Kila moja ipewe chombo chake, na nanaa hasa, ambayo mizizi yake hailijui neno jirani, isichanganywe na chochote. Hapa ndipo pampu ndogo ya hewa inapostahili nafasi, kwa sababu maji yataongezwa mara nyingi. Na ikizima wakati haupo, ile nafasi ya hewa uliyoiacha itaushika mmea. Ukumbuke tu kwamba mrehani hupenda joto ambalo letusi hailipendi: chumba kikipita nyuzi 27 kwa siku nyingi, letusi huanza kurefusha shina la maua na kuwa chungu, wakati mrehani unachangamka. Maji ya letusi yakibaki kati ya nyuzi 18 na 22 utakuwa umejiepusha na sehemu kubwa ya maradhi ya mizizi, na ndiyo sababu nimesema ngazi ya chini, mbali na joto la taa za juu.

Sababu nyingine ya kuweka maji chini ni uzito. Lita 40 ni kilo 40 kabla hujahesabu vyombo, na rafu iliyobeba nguo kwa miaka mitano haijathibitisha chochote kuhusu maji. Acha angalau sentimita 50 kati ya ngazi na ngazi: chombo huchukua 15, mmea 20, na taa huhitaji nafasi ya kupumulia juu ya majani.

Virutubisho vinunuliwe vya haidroponiki. Mbolea ya kawaida ya shambani iliyojengwa juu ya urea haifai, kwa kuwa urea hungoja bakteria wa udongoni waigeuze ndipo mmea uitumie vizuri, na ndani ya maji safi bakteria hao ni wachache mno. Virutubisho hivi huja katika sehemu mbili au zaidi kwa sababu ya kikemia: kalisiamu ikikutana na salfeti na fosfeti zikiwa bado nzito, hushikamana na kutengeneza unga mweupe usioyeyuka, nao hukaa chini ya chombo bila faida. Yeyusha sehemu ya kwanza ndani ya maji yote, koroga, kisha ndipo utie ya pili. Maji yakibadilika rangi kama yaliyotiwa maziwa, umeharakisha.

Kwa vipimo, letusi hustawi pH ikiwa 5.5 hadi 6.5 na EC, yaani kipimo cha wingi wa chumvi kwa uwezo wa maji kupitisha umeme, ikiwa 1.2 hadi 1.6 milisimensi kwa sentimita. Kwa pH, matone ya rangi yanatosha kabisa mwanzoni. Kalamu ya kielektroniki ni nzuri lakini hudanganya isiposawazishwa mara kwa mara, na ncha yake ikikauka huharibika. pH ikipanda kupita 7, chuma hakipatikani, na utaona majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Wengi hudhani ni njaa na kuongeza mbolea. Unaposhusha pH kwa asidi, tia asidi ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi, na uvae glavu. Baada ya hapo, mabadiliko ya EC yatakueleza hali ya mmea: usawa wa maji ukishuka na EC ikipanda, mmea unakunywa maji kuliko unavyokula, basi virutubisho vilikuwa vikali na unachoongeza kiwe chepesi; EC ikishuka pamoja na maji, unakula kwa kasi na unaweza kuongeza nguvu kidogo.

Tatizo moja litakalokukuta hata ukifanya yote haya ni ncha za majani machanga ya katikati ya letusi kuungua na kuwa kahawia. Kalisiamu husafiri ndani ya mmea ikifuata mkondo wa maji, na majani ya ndani yaliyofungana hayatoi mvuke wa kutosha kuivuta. Kuongeza kalisiamu majini mara nyingi hakusaidii. Feni ndogo inayotikisa majani taratibu husaidia sana, na hiyo hiyo hupunguza unyevu chumbani. Wadudu nao hawazuiliwi na kutokuwepo kwa udongo: vidukari na inzi weupe huingia kwa dirisha, kwa nguo na kwa miche ya kununuliwa, kwa hiyo geuza majani utazame chini yake kila unaporudi safari.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Fundi umeme mwenye sifa aje aone soketi utakayotumia na aweke kikata umeme kinachojizima umeme unapovuja. Wewe mwenyewe hakikisha kila waya unaning'inia chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lianguke sakafuni. Kama maji yako ni ya kisima, au EC yake kabla ya kutia chochote inazidi 0.5, yapelekwe maabara yapimwe chumvi na ugumu wake, kwa kuwa maji yenye sodiamu nyingi hayarekebishiki kwa virutubisho. Mizizi ikioza mara mbili mfululizo hata baada ya kuosha vyombo kwa dawa ya klorini na kuvisuuza vizuri, mpelekee afisa ugani au mtaalamu wa magonjwa ya mimea mmea mzima pamoja na mizizi yake, ndani ya mfuko wenye unyevu, siyo picha peke yake. Na kama una pumu, au ukaanza kukohoa usiku na kuona madoa ya ukungu ukutani nyuma ya rafu, simamisha kilimo kwanza, kausha chumba, umwone daktari.

Mnara usiununue sasa. Vuna kwanza mara tatu kwenye vile vyombo viwili, na kila unapovuna uinue mfuniko na kuitazama mizizi ya juu kwa makini. Ikiwa mara zote tatu ni myeupe na yenye vinyweleo, niandikie tena, ukiniambia maji yalishuka kwa sentimita ngapi ulipokuwa safarini, nasi tutazungumzia pampu.